Kabaini ya risasi za bastola: yanayosemwa dukani na yaliyo kweli

Ukiingia duka la silaha Marekani, iwe Ohio au Texas, ukamwambia muuzaji unataka bunduki moja tu, ya kulenga shabaha Jumamosi na ya kulinda nyumba usiku, hachelewi kukushushia kabaini. Ni bunduki ya kuegemeza begani, yenye mtutu wa inchi 16 hivi, ila inakula risasi za bastola, mara nyingi za milimita 9. Ikishatua mezani, maneno huanza. Mengine ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo huwaponza watu.

Dhana: Ni mtindo mpya tu, umeletwa na michezo ya kompyuta

Bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 ilitoka na risasi ya .44-40, na haikupita miaka mingi Colt nao wakatengeneza bastola ya risasi hiyohiyo, ili mchunga ng'ombe avae mkanda mmoja wa risasi kwa silaha mbili. Marlin walikuwa na kabaini yao ya milimita 9 tangu 1985. Kilicho kipya ni mashindano: chama cha USPSA kilifungua daraja la kabaini mwaka 2016, na viwanda vikaanza kugombania wateja. Ruger PC Carbine, ambayo leo huikosi kwenye rafu, ilitoka mwishoni mwa 2017.

Dhana: Mtutu mrefu huigeuza risasi ya bastola kuwa risasi ya bunduki kubwa

Huiongezea kidogo, haiigeuzi. Baruti ya milimita 9 ni chache na huungua upesi. Ikishaisha, sehemu ya mtutu iliyobaki haina la kuongeza. Kichwa cha risasi cha gramu 8 kikitoka kwenye bastola kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde, kwenye kabaini kitatoka kwa mita 400 hivi. Ukipiga hesabu ya nguvu, umetoka jouli 490 ukafika 640. Risasi ya kawaida ya AR-15, ile bunduki ya begani maarufu Marekani, hukaribia jouli 1,600, ingawa kichwa chake hakifiki hata gramu 4. Risasi ya .45 ACP hufaidika hata pungufu ya hapo na mtutu mrefu. Inayofaidika kweli ni .357 Magnum kwenye bunduki za kukoki kwa wenzo, kwa sababu ina baruti nyingi inayoungua polepole.

Faida ya kabaini basi iko kwingine, nayo si ndogo: inashikwa mahali pengi. Mikono miwili, bega na shavu. Mtu ambaye kwa bastola anatawanya risasi karatasi nzima kwa mita 20, kwa kabaini ataziweka pamoja siku ya kwanza. Na kwa kuwa risasi za milimita 9 ni za bei nafuu, atarudi kufanya mazoezi. Kwa maoni yangu sababu ya kuinunua inaishia hapo, na inatosha.

Dhana: Risasi ya milimita 9 haipenyi kuta, kwa hiyo ni salama kwa majirani

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote, na ndiyo husemwa kwa kujiamini zaidi. Tazama ukuta wa ndani wa nyumba ya Marekani: nguzo za mbao zimesimamishwa, upande huu ubao wa jipsamu wa unene wa milimita 13, upande ule mwingine kama huo, katikati hewa. Ngumi ya kijana mwenye hasira hutoboa ubao huo. Risasi yoyote inayofaa kumzuia mtu itapita, itaingia chumba cha pili, na pengine cha tatu.

Wenye risasi za kichwa chenye tundu, zile zinazochanua zikiingia mwilini, hudhani tundu hilo litawaokoa. Mara nyingi linajaa unga wa jipsamu ukutani, halichanui, na risasi inaendelea na safari kama ya kichwa kizima. Risasi nyepesi ya AR-15 ina mwendo mkali, lakini ikigonga vizuizi kadhaa huyumba au hupasuka, kwa hiyo nyakati nyingine hupoteza nguvu mapema kuliko hiyo ya milimita 9. Nisieleweke kwamba AR-15 ndiyo salama. Zote zinapita. FBI, baada ya mapambano ya risasi ya Miami ya 1986, waliweka kipimo cha risasi zao: ipenye inchi 12 hadi 18 za jelatini, inayotumika badala ya mwili wa mtu. Risasi iliyoundwa kufika huko haiwezi kusimamishwa na jipsamu.

Kwa hiyo ulinzi wa nyumba huanza kwa kujua kitanda cha mtoto kiko upande gani wa ukuta, na mlango wa chumba chako ukielekezewa mtutu, nyuma yake kuna nani. Wengi wetu wa Afrika Mashariki tulioko Columbus au Minneapolis tunaishi maghorofa ya kupanga. Jirani yuko hapo hapo.

Dhana: Risasi ndogo, basi haina teke

Fungua kabaini ya bei nafuu uitoe bolti yake, kile kipande kinachoziba nyuma ya risasi, uipime mkononi. Ni donge la chuma kitupu. Kisha shika bolti ya AR-15. Ni nyepesi zaidi. Sababu ni kwamba AR-15 hujifunga kwa meno risasi inapolipuka, wakati kabaini nyingi hazijifungi kabisa: uzito wa donge lile ndio pekee unaoziba nyuma mpaka risasi itoke. Donge likirudi nyuma kwa kasi na kugonga mwisho wa njia yake, bega linasikia, na alama ya kulengea inaruka. Wengi hushangaa kukuta kabaini ya milimita 9 inasukuma kwa ukali kuliko AR-15 yenye risasi kali zaidi.

Zipo zilizoepuka hilo. SIG MPX hutumia gesi na bolti yake hujifunga. Ukoo wa MP5 wa Heckler & Koch hucheleweshwa na vigurudumu vidogo, na CMMG wana mbinu yao ya kuzungusha bolti. Zote zinapiga laini, na zote zina bei ya kukuna kichwa. Kwa anayeanza, Ruger yenye uzito wa ziada wa tangsteni ndani ya bolti inatosha kabisa.

Kuna jambo moja wauzaji hulisahau. Bolti zisizojifunga huhitaji springi ngumu, na springi ngumu ni taabu kukoki. Ukienda kuchagua, nenda na mwenzi wako. Kama mama wa nyumba ana urefu wa futi tano na hawezi kuvuta mkono wa kukokia mpaka mwisho, au kitako kinampita bega, bunduki hiyo ni ya mtu mmoja tu ndani ya nyumba.

Dhana: Ikila magazini ya bastola ya Glock, mengine hayana maana

Magazini ya pamoja na bastola yako ni faida ya kweli. Ruger huuza PC Carbine inayobadilishwa kukubali magazini ya Ruger au ya Glock. Lakini bunduki ikikwama, haijali magazini ni ya nani. Risasi unazotarajia kuweka nyumbani, zipige kwanza uwanjani za kutosha kwenye bunduki hiyohiyo. Kel-Tec SUB-2000 hukunjwa katikati na kuingia kwenye begi dogo, raha ya safari, ila kwa uzito wake mdogo si ya kupigia mchana kutwa.

Dhana: Mlio wake hauumizi masikio

Ni mdogo kidogo kuliko wa bastola, bado unapita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja unaweza kuharibu masikio. Chumbani ni mbaya zaidi.

Dhana: Ukishakuwa nayo, nyumba imekuwa salama

Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa bunduki, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Mwizi wa usiku ndiye anayetajwa dukani. Kijana wa nyumbani aliyekata tamaa hatajwi. Kabaini haiingii kwenye droo, kwa hiyo wengi huiegemeza kabatini, pembeni ya nguo. Sefu ya kufungua haraka iliyopigiliwa ukutani iingie kwenye bajeti kabla ya darubini na taa.

Dhana: Nikiwa na pesa na kitambulisho, nanunua

Sheria ya shirikisho ya 1934 inataka bunduki ya begani iwe na mtutu usiopungua inchi 16 na urefu wote usiopungua inchi 26. Ukitaka fupi zaidi, lazima isajiliwe kwanza ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Kodi yake ya dola 200 imeshushwa hadi sifuri kuanzia Januari 2026, na wapo waliodhani usajili nao umefutwa. Haukufutwa. Majimbo yana yake: California na New York hubana magazini kwenye risasi 10, Illinois na Washington zimepiga marufuku kuuza aina nyingi za bunduki hizi, na huko Washington kabaini inayojikoki yenyewe haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 21 ingawa shirikisho linaruhusu 18.

Kwa wageni, mwenye Green Card ananunua kama raia, akijaza fomu 4473 na kukaguliwa. Mwanafunzi wa viza ya F-1 haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa ana sababu inayotambuliwa na sheria, kama leseni halali ya uwindaji. Na hapa ndipo vijana wetu hunaswa: rafiki wa chuo anamwalika uwanjani, wanakodi bunduki saa moja, wanapiga picha na kuziweka mtandaoni. Kukodi nako kunahesabiwa kumiliki, na kosa la silaha linaweza kumfukuzisha mtu nchini. Aliye kwenye viza ya muda amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuukubali mwaliko huo.