Urafiki wa wahusika huaminika lini?

Urafiki kati ya wahusika wa kubuni huaminika pale msomaji anapouona katika matendo yao kabla hajaambiwa kwamba upo. Mwandishi akisema wawili hawa ni chanda na pete, ametupa taarifa tu. Kinachotushawishi ni kile mmoja anachokijua kuhusu mwenzake, na namna anavyokitumia bila kukitangaza.

Chukua tukio dogo. Mhusika anaingia chumbani, anakipita kiti kilicho karibu na mlango, anazunguka meza nzima na kuketi kulia kwa rafiki yake, kwa sababu sikio la kushoto la rafiki huyo halisikii vizuri. Hakuna anayelizungumzia. Habari za sikio tulizipata kurasa nyingi nyuma. Hatua zile chache zinaonyesha kujuana kwa miaka kuliko ukurasa mzima wa kusifiana. Mazungumzo nayo ni vivyo hivyo: marafiki hukatizana, huacha sentensi njiani, hawasimuliani mambo wanayoyajua wote. Mmoja akisema "kama unavyojua, tulisoma pamoja," tunatambua papo hapo kwamba anasema na sisi, si na rafiki yake.

Tena urafiki lazima umgharimu mtu. Katika Don Quixote, riwaya ya Mhispania Cervantes, iliyotoka kwa sehemu mbili mwaka 1605 na 1615, mtumishi Sancho Panza anaanza safari na bwana wake, Don Quixote, kwa kuwa ameahidiwa kisiwa cha kutawala. Kwenye sehemu ya pili anakiri kwamba anajua bwana wake ana wazimu, na kwamba mwenye akili angekuwa amekwisha kumwacha. Lakini wanatoka kijiji kimoja, amekula mkate wake, na anampenda. Tamaa ya kisiwa bado anayo, na kwangu mimi hapo ndipo penye nguvu: upendo na maslahi vimekaa moyoni mwa mtu yuleyule, kama ilivyo kwa watu halisi.

Ugomvi pia husaidia, mradi uwe wa watu wanaojua pa kuchomana.

Kinachoua urafiki huu mara nyingi ni rafiki aliyeumbwa ili asikilize tu shida za mhusika mkuu. Hana deni, hana wivu, hana mahali pa kuwahi. Mwandishi akishindwa kusema rafiki huyo alikuwa akifanya nini kabla hajabishiwa hodi, bado hajamuumba.