Mchanga mtupu wenye kamba si mradi uliokwama

Ukipita kwenye njia za pwani za San Francisco, utaona mteremko umefunikwa zulia la kijani lenye maua ya manjano na waridi. Jirani yake kuna kipande cha mchanga kilichozungushiwa kamba, na vijimea viwili vitatu vinahangaika humo. Wengi huamua papo hapo: kule ndiko kwenye asili, huku mradi wa kurudisha mimea ya asili umekwama. Ni kinyume chake.

Zulia lile ni Carpobrotus edulis, mmea wa Afrika Kusini uliopandwa California mwanzoni mwa karne ya 20 ili kushikilia udongo kando ya reli. Vunja jani lake: lina pembe tatu, limejaa maji kama tango. Mmea huu hutambaa huku ukitoa mizizi kwenye vifundo, na mimea mingine hukosa pa kuchipukia. (Nakiri, maua yake yanapendeza.)

Wenye kazi ni ule mchanga. Katika matuta ya Presidio, hifadhi iliyo ndani ya San Francisco, huota Lessingia germanorum, ua dogo la manjano lililoingizwa mwaka 1997 kwenye orodha ya Marekani ya spishi zilizo hatarini kutoweka. Ni mmea wa mwaka mmoja. Mbegu yake hutaka mchanga ulio wazi, wenye jua, ichipue upya kila msimu. Huo utupu ndio makao yake, na hatua moja nje ya njia yatosha kuua miche ambayo hata hukuiona.

Ukitaka kuliona ua hilo, nenda kwenye njia ya mbao ya Lobos Creek, hukohuko Presidio, mwishoni mwa kiangazi, vilima vikiwa vimeshakauka, kisha uiname.