Kabla ya Kutyuni Injini ya Turbo, Angalia Petroli Unayojaza

Wenye magari ya michezo yenye turbo wakitujia kuulizia programu mpya ya injini, swali linalotangulia huwa moja: nitapata nguvu za farasi ngapi? Sisi huwarudisha kwenye tangi la mafuta. Programu inayokufaa ni ile iliyoandikwa kwa petroli hafifu zaidi ambayo huenda ukalazimika kuijaza, si kwa ile bora unayoipata mara mojamoja.

Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi na kushindilia hewa kwenye silinda. Kompyuta ya injini ndiyo inayoamua presha ifike wapi, petroli iingie kiasi gani na plagi ichome lini. Kutyuni ni kubadilisha maamuzi hayo: presha inapandishwa, cheche inawahishwa. Lakini hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na joto likizidi, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo injini inagonga. Ikigonga vikali huku umekanyaga mafuta mpaka mwisho, muda mfupi tu unatosha kupasua pistoni kwenye mifereji ya ringi.

Okteni hupima uwezo wa petroli kustahimili hali hiyo, na hapa wengi huteleza. Nchi nyingi hutumia kipimo cha RON. Marekani hutumia wastani wa RON na MON, kipimo kingine cha okteni chenye masharti makali zaidi, na wastani huo huwa na tarakimu ndogo zaidi. Petroli yao ya 93 inakaribia RON 98. Ukinunua programu ya Marekani iliyoandikwa 91 kisha ukajaza RON 91, umeipa injini petroli dhaifu kuliko aliyoikusudia mwandishi wake.

Majina kama steji 1 na steji 2 yasikupumbaze, kwani kila kampuni huyapa maana yake. Kwa kawaida steji 1 haibadilishi kifaa chochote. Steji 2 hudai ekzosi iliyo wazi zaidi, na mara nyingi intakula kubwa, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Kuondoa kichujio cha moshi ni kosa kisheria katika nchi nyingi.

Mimi huogopa zaidi programu inayomwaga nguvu nyingi injini ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini. Dereva huipenda kwa sababu gari linaruka mara moja, lakini mzigo huo ndio unaopinda konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti, na kufanya klachi iteleze. Afadhali nguvu ipande taratibu.

Mpime pia fundi. Anayejua kazi ataanza kwa kukagua kompresheni, plagi na mivujo ya hewa, kisha atarekodi takwimu za gari likiwa kwenye mzigo, kabla na baada ya kazi. Ziangalie pamoja naye. Mchanganyiko sawia ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, ila turbo ikisukuma kwa nguvu petroli huongezwa, uwiano ukashuka hadi karibu 12, ili kupoza silinda. Ukiona kompyuta inachelewesha cheche kwa digrii kadhaa kila unapokanyaga, sensa inasikia injini ikigonga. Ikatae programu hiyo hata kama gari linakimbia vizuri.

Mwisho, omba nakala ya programu ya awali na njia ya kuirudisha mwenyewe, kwa ajili ya safari za mahali ambapo petroli yake huijui.