Hakuna shimo angani

Ukipanda ndege ndogo aina ya Caravan kutoka Chake Chake kwenda Unguja, ndege ikishtuka kidogo tu utasikia mtu nyuma: "Tumeingia shimo la hewa!" Wengi huamini kweli kuna mahali angani pasipo hewa. Hapana. Hewa imejaa kote, ila inatembea, mara juu, mara chini. Jua hupasha nchi kavu upesi kuliko bahari, basi mchana hewa ya juu ya ardhi hupanda, na ndege ikivuka ufukwe hurushwa. Asubuhi huwa shwari zaidi.

Kwetu huwa ni mtikisiko tu, mradi umefunga mkanda. Milimani ndiko kwenye kazi. Upepo ukishavuka mlima kama Meru, wenye mita 4,566, huporomoka upande wa pili, na ndege ndogo huweza kushushwa kwa kasi kuliko inavyoweza kupanda. Huko juu hewa ni nyepesi, injini nayo hupungua nguvu. Ndiyo maana rubani mzoefu huuendea mgongo wa mlima kwa mshazari, nyuzi 45 hivi. Akiona anashushwa, hugeuka upesi kuelekea bondeni. Aliyeuelekea moja kwa moja hana nafasi hiyo.