Bati linalong'aa si bati la baridi

Unguja na Pemba husemwa kuwa bati jipya halihitaji rangi, mng'ao wake unarudisha jua. Nusu yake ni kweli. Bati tupu hurudisha mwanga mwingi, lakini joto linaloingia hulitoa kwa shida: hutema kama robo tu ya joto ambalo uso uliopakwa rangi ungetema. Ndiyo maana saa saba mchana halishikiki kwa mkono. Na mng'ao wenyewe haudumu, chumvi ya bahari huufifisha.

Rangi nyeupe hufanya kazi zote mbili: ikiwa mpya hurudisha kama asilimia 80 ya nguvu za jua, na kinachobaki hukitema. Nyekundu na kijani kilichoiva, hizo zinazopendwa, humeza sehemu kubwa.

Chokaa ya ukutani usiipake juu ya bati. Ni kali, inakula zinki (tabaka linalolikinga bati na kutu), na mvua za masika huishusha kwenye mfereji na tangi la maji. Rangi ya mafuta nayo huchambuka mapema, kwani mafuta yakigusana na zinki hugeuka kama sabuni.

Sugua kutu, osha kwa maji matamu (visima vingi vya pwani vina chumvi), subiri likauke. Paka praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya mabati ya zinki, kisha rangi ya maji ya nje mara mbili. Anza asubuhi umande ukishakauka. Bati likishapata moto, rangi hukauka kabla haijashika. Kila mwaka osha kuvu na vumbi. Rangi peke yake haimalizi joto lote: dari na matundu ya upepo navyo husaidia.