Matone ya vitamini A: mtoto anapata, na mama je?

Kila Juni na Desemba foleni za zahanati hapa Dodoma hurefuka. Ni msimu wa matone ya vitamini A na dawa za minyoo kwa watoto, na maswali huwa haya haya.

Mwanangu alipewa Desemba. Kwa nini tena Juni?
Vitamini A hukaa kwenye ini kama akiba ghalani, na akiba huliwa. Matone hutolewa kila baada ya miezi sita, tangu mtoto anapotimiza miezi 6 hadi 59. Wa miezi 6 hadi 11 hupewa uniti 100,000, wa mwaka mmoja na kuendelea 200,000. Mhudumu hukata ncha ya kidonge kwa mkasi na kumminyia mtoto mdomoni, ganda halimezwi. Njoo na kadi, asije akapewa mara mbili.

Dada yangu alipojifungua alipewa matone. Mbona mimi sijapewa?
Hujanyimwa. Zamani wazazi walipewa, ila mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza hivyo, kwa kuwa haikuonekana kupunguza maradhi wala vifo vya mama na mtoto. Vitamini A ya kichanga hutoka kwenye maziwa yako, na ya kwako hutoka chunguni.

Nina mimba. Ninunue vidonge vya vitamini A dukani?
Usinunue. Ikizidi, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Vile vya kuongeza damu unavyopewa kliniki ni madini ya chuma na foliki, hivyo meza. Ila kama jioni unajikwaa huku wenzako wanaona njia vizuri, huenda umepungukiwa vitamini A: mwambie mkunga.

Kiangazi hatuna mboga mbichi, ni mlenda mkavu tu. Unafaa?
Unafaa, ila inategemea ulianikwa wapi. Tumezoea kuanika majani juu ya bati, jua la Dodoma likiwaka, hadi yanageuka rangi ya tumbaku. Hapo vitamini nyingi imeshakwenda. Anika kivulini penye upepo, jani libaki na ukijani wake, kisha lihifadhi gizani. Tena vitamini hii hufyonzwa pamoja na mafuta, kwa hiyo bibi zetu waliotia karanga za kutwanga kwenye mlenda hawakukosea. Ukipata viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, au papai, mpe na mtoto.

Na mafuta ya alizeti ya kukamua hapa kijijini?
Husaidia ufyonzaji. Ila usiyahesabu kuwa na vitamini A: hiyo huongezwa kiwandani, na lebo husema.