Je, wajua kwa nini jina la mtu wa Lubumbashi halitoshi kukuambia kabila wala dini yake?

Mtu akitaja jina lake Lubumbashi, mji wa Katanga kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), mara nyingi anayemsikiliza ameshamweka mahali kabla hajamaliza: huyu Mkasai, huyu wa Katanga, huyu Mwislamu wa Maniema, yaani watu wa maeneo matatu ya nchi. Kinachofuata ni sifa za kubandikwa: Mkasai mjanja wa biashara, Mkatanga mpole asiyejua kujitetea, Mwislamu "mwarabu". Ukadiriaji huo hukosea mara nyingi.

Alama inayotumiwa zaidi ni herufi tatu, tsh. Hiyo ni tahajia ya Wabelgiji kwa sauti ch. Katika Tshiluba cha Kasai kiambishi ni tshi-, na katika Kiluba cha Katanga ni ki-, ndiyo maana lugha zenyewe zinaitwa hivyo. Hata Kiswahili chetu kina kiti na chakula, kiambishi kimoja kwa sauti mbili. Basi watu husikia jina kama Tshisekedi na kusema "Kasai", na hapo wamepata. Lakini Moïse Tshombe, aliyetangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, alikuwa Mlunda wa Katanga. Sauti hiyo imo pia katika lugha za Walunda na Wachokwe. Kwa upande mwingine, Ilunga, Kalala na Kasongo ni majina ya Waluba wa pande zote mbili, wala hayana tsh ya kukusaidia.

"Mkasai" lenyewe si kabila. Ndani yake wamo Waluba, Waluluwa, Watetela, Wasongye, Wakuba na Wakanyoka. Waluba na Waluluwa walipigana vikali Luluabourg, Kananga ya leo, mwaka 1959. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa Mtetela wa Sankuru. Kuwafunga wote katika tabia moja ni kosa la kwanza, na ndilo kubwa.

Sifa ya Mkasai mjanja ilitoka wapi? Ilitoka kazini. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya Katanga iliyoundwa 1906, ilihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu na migodi, ikaajiri watu wa mbali, wakiwemo wa Kasai. Reli ya kampuni ya BCK, iliyounganisha Katanga na Kasai, ilipofika Port-Francqui (Ilebo) mwaka 1928, safari kutoka Kasai ikawa rahisi zaidi. Wengi waliosoma misheni wakawa makarani wa reli na wa kampuni. Mtu anayemwona karani wa Kasai kila siku huishia kuamini kwamba ukarani uko damuni, kumbe uko katika shule na tikiti ya treni. Katika uchaguzi wa manispaa wa 1957, wengi walioshinda Elisabethville (Lubumbashi ya leo) hawakuwa wenyeji wa Katanga. Uchungu wa wenyeji ulizaa CONAKAT, chama chao cha siasa, mwaka 1958. Mwaka 1992 na 1993, mamia ya maelfu ya watu walioitwa Wakasai walifukuzwa Katanga, wengi wakilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni. Walikuwa wakiitwa bilulu, wadudu. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga.

Kuhusu dini, kumbuka sheria ya Mobutu, rais wa wakati huo. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na yakaruhusiwa tena mwaka 1990. Mtu aliyeandikishwa kati ya miaka hiyo anaweza kuwa Mkatoliki wa kubatizwa huku cheti chake hakina jina la ubatizo. Amisi, Radjabu na Ramazani yalienea Maniema pamoja na wafanyabiashara wa Kiswahili wa karne ya 19, nayo hurithiwa kwa baba au kwa wajina. Emmanuel Ramazani Shadary, mgombea urais wa 2018, anabeba Emmanuel na Ramazani kwa pamoja. Neno "mwarabu" ni mabaki ya vita vya Wabelgiji dhidi ya wafanyabiashara hao, 1892 hadi 1894. Halisemi chochote kuhusu jirani yako.

Ukiulizwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi "Uko muntu wa fasi gani?" (wewe ni mtu wa mahali gani?), jibu linaloeleweka lina sehemu tatu: ulikozaliwa, kwa baba, kwa mama. "Nilizaliwa Kenya, baba wa Gandajika, mama wa Pweto." Kenya hapa ni komini, yaani sehemu ya kiutawala, ya mji wa Lubumbashi. Jibu la neno moja humwachia mwenzako kujaza pengo kwa dhana zake. Kuhusu dini, swali la heshima ni "Unasali wapi?", tena linaulizwa tu pale jibu linapohitajika: kupanga chakula cha wageni, au maziko.

Mwalimu na karani wana jukumu la ziada. Andika jina kama mwenyewe anavyoliandika, umsomee herufi kwa herufi, usigeuze Tshibangu kuwa Kibangu kwa kudhani unasahihisha. Diploma ikisema moja na kadi ya uchaguzi nyingine, huyo mtu anakuwa watu wawili, na kurekebisha jina kunamlazimu kwenda mahakamani.